Mwaka Niliochezea Vifuniko

Mwezi uliopita Mama Shiru alitimiza miaka sabini, na watoto wake wakamwandalia ibada ya shukrani kule Njiru anakoishi siku hizi. Tulikaa chini ya hema, tukala mukimo na nyama, na ulipofika wakati wa watu kusema machache, Shiru akanipokeza maikrofoni bila kuniuliza. Nilisimama mbele ya watu karibu mia moja, wengi wao akina mama wa kanisa, nikasema kwamba nilipanga chumba kwake nikiwa na miaka ishirini na miwili, na kwamba mwaka huo mmoja alinilea. Watu wakapiga makofi, nikakaa. Kutoka kiti chake cha mbele Mama Shiru alinitazama kwa jicho la mtu anayejua kwamba umeruka kurasa kadhaa. Kando yangu Oti, ambaye sasa ana kitambi na binti aliye chuo kikuu, alininong'oneza, "Hata huwaambii vile huyu mathe alicheza?" Nikamwambia hayo si ya kusemwa kwa dakika mbili. Nimekuwa nikiyafikiria tangu siku hiyo, na naona afadhali niyaandike.

Nyumba yake ya wakati huo ilikuwa Donholm, na chumba changu kilikuwa kimeongezwa nyuma, kikabanwa kati ya jikoni na chumba cha kushonea. Ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa na joto kila asubuhi, na kabla sijafumbua macho nilishajua kama kilichokuwa motoni ni chai au uji. Upande wa pili ilikuwa cherehani. Mama Shiru alikuwa ameacha kazi ya kanju, yaani halmashauri ya jiji, akawa anashona sare za shule, na wateja wake walikuja na mazungumzo marefu kuliko vitambaa vyao. Sikuhitaji redio. Nilijua nani anaolewa, nani hasemezani na jirani, na kwaya gani imegawanyika kwa sababu ya rangi ya joho. Mimi nilifanya kazi katika duka la uchapishaji, kupanga maandishi ya kadi za harusi na za mazishi, na nilirudi jioni nikiwa na wino vidoleni. Mara nyingi tulikula pamoja, sisi wanawake watatu, tukiwa tumekalia vigoda jikoni: githeri siku za kazi, chapati Jumamosi. Siku niliyopika mrenda wa kwetu, Mama Shiru alicheka hadi akafuta machozi alipoona mboga ikivutika kutoka kwenye sahani mpaka kwenye vidole vyake. "Hii mboga yenu haitaki kuachana na mtu," alisema, kisha akaongeza nyingine.

Kwenye timu niliingia kwa sababu ya kugongwa mgongoni. Jumamosi moja mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nakatiza kiwanja kilicho nyuma ya mtaa, nimebeba sukumawiki, nikasikia kitu kimenipiga pa! Kilikuwa kifuniko cha ndoo ya rangi. Oti, ambaye siku hizo alikuwa karani mwembamba wa reli mwenye soksi ndefu, alikuja mbio akiomba msamaha. "Pole sana, siste, upepo umekibeba." Nilikuwa na hasira, nikakiokota nikamrushia kwa nguvu zangu zote. Kifuniko kikapita juu ya kichwa chake, kikapita juu ya wenzake wote, kikaenda kimelala hewani kama kimewekwa kwenye reli. Wote wakageuka kukitazama. "Manze!" Oti akasema. "Rudia." Nilirudia, na sukumawiki ikanyauka hapo hapo kwenye nyasi.

Mchezo wenyewe Oti alikuwa ameuona kwa mfanyakazi mwenzake, akaupenda, akaja kuwafundisha vijana wa mtaa. Mnakuwa saba kila upande. Mnarushiana kisahani mpaka mwenzenu akidakie ndani ya eneo la mwisho, na hilo ni bao. Aliyeshika haruhusiwi kukimbia, asimame atafute wa kumpa. Kikianguka chini ni cha wapinzani. Na hakuna refa. Ukimsukuma mtu unasema mwenyewe kwamba umemsukuma, ukikosea unatangaza kosa lako, mchezo unaendelea. Hilo la refa ndilo lililonishangaza zaidi, kwa sababu nilikulia kutazama mpira wa miguu huko mtaa wa Lucky Summer, ambako refa alikuwa akihitaji walinzi. Sisi tulianza na vifuniko vya ndoo kwa kukosa kisahani cha kweli, na hata tulipokipata, kisahani cheupe kilichokuwa kikilia hewani kama nyuki, jina la timu lilikuwa limeshatukaa: Vifuniko.

Kufikia katikati ya mwaka tulikuwa wanaume watano na wanawake watatu. Nilikuwa mimi, alikuwa Adhiambo, mwalimu wa chekechea aliyekuwa na mbio za kutisha, na alikuwa Shiru, ambaye nilimvuta mwenyewe. Shiru alikuwa na miaka ishirini, anangoja kuingia chuo, siku nzima anashona vifungo na kufungua mlango wa wateja. Siku ya kwanza alikuja uwanjani na sketi yake ya kanisani akasimama pembeni. Siku ya tatu alikuwa anapaza sauti kuliko wote. Mama yake alijua kwamba tunaenda "mazoezi" jioni za Jumatano na hakuuliza mengi. Alidhani tunapunguza uzito. Shida ilianza ulipokuja mwaliko wa mashindano: timu kutoka sehemu mbalimbali za jiji, uwanja wa shule moja upande wa pili wa mji, Jumamosi na Jumapili. Sheria yao ilikuwa kila timu iwe na wanawake watatu uwanjani. Tulikuwa na watatu kamili, na mmoja wao alikuwa mwimbaji wa kwaya, binti wa mwanamke ambaye kwake Jumapili haikuwa na mjadala. Shiru alijaribu kumwuliza. Kupitia ukutani nilisikia jibu. "Jumapili? Kurusha sahani?" Cherehani ikaendelea.

Ninachosimulia sasa sijivunii. Jioni hiyo niliingia chumba cha kushonea, nikaketi kwenye kigoda, nikamwambia Mama Shiru kwamba mambo ya sahani tumeachana nayo, kwamba wikendi hiyo kuna semina ya vijana ya kanisa la mwenzangu wa kazini, siku mbili, na kwamba ningependa kwenda na Shiru. Akaniuliza nani anahubiri. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikamtungia mhubiri kutoka Eldoret. Akaniuliza kama amekuja na familia, nikampa mhubiri mke, na kwa kuwa ulimi ulikuwa umeshateleza nikampa pia mapacha wanaoimba. Mama Shiru akakata uzi kwa meno, akasema, "Basi nendeni, mkanisalimie hao mapacha." Nilitoka nikiwa nimejaa ushindi. Kesho yake nilirudi mapema kutoka kazini, nikajilaza, na kupitia ukutani nikamsikia rafiki yake, Mama Kamau, akimwambia kwamba wasichana wa siku hizi hawaaminiki, na kwamba hizo semina ni mlango wa kwenda kuwaona wavulana. Mama Shiru akajibu polepole, kama mtu anayepima kitambaa. "Shiru wangu anaweza. Lakini akiwa na Nekesa sina wasiwasi. Nekesa hawezi kunidanganya." Nilibaki natazama dari. Kulikuwa bado na siku tatu za kurekebisha mambo, na sikurekebisha. Nilijiambia kwamba timu nzima inanitegemea.

Jumamosi ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilimsahau. Tulifika na mandazi ya Adhiambo kwenye ndoo iliyokuwa na kifuniko, jambo ambalo timu nyingine ziliona ni mzaha wa makusudi. Tulikuta watu wenye jezi zinazofanana na viatu vya njumu, sisi tukiwa na fulana za njano zilizopakwa nembo kwa mkono katika duka letu la uchapishaji, nembo ambayo ilianza kutoka kwa jasho kabla ya saa tano. Mchezo wa kwanza tulishinda kwa sababu wapinzani walitudharau. Wa pili tulishinda kwa sababu ya Adhiambo, aliyekimbia kama anayefukuzwa, akadaka mabao manne, na kwenye la tano akatua vibaya na kugeuza kifundo cha mguu. Tulimbeba hadi kivulini, mguu ukivimba tukiuona. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Tumeingia nusu fainali, si ndiyo?" aliuliza. Tulikuwa tumeingia. Na tulikuwa tumebaki na wanawake wawili.

Waandalizi walituambia Jumapili tunaweza kucheza tukiwa sita dhidi ya saba, wanaume wanne na sisi wawili. Oti alisema hiyo ni noma lakini tutajaribu. Tulianza saa sita kamili, jua likiwa juu ya utosi, dhidi ya timu ya wahasibu wa mjini ambao walikuwa waungwana hata walipokuwa wakitumaliza. Daima kulikuwa na mtu wao mmoja asiyekabwa, akipunga mkono kama anayesimamisha gari. Kufikia mapumziko walikuwa na saba, sisi tatu. Muda mfupi kabla ya mapumziko hayo, nilipokuwa nikimkaba msichana wao mmoja, niliupiga mkono wake akirusha, kisahani kikaanguka. Hakusema kitu. Nilisema mimi, kwa sauti, kama tulivyofundishwa: "Kosa langu! Nimemgonga mkono." Nikamrudishia kisahani, na nilipoinua macho nikamwona Mama Shiru amesimama kwenye mstari.

Alikuwa amevaa rinda lake la zambarau na kitambaa cheupe cha kichwa, Biblia iko kwapani. Baadaye nilijua ilivyokuwa. Ibada ya kwanza ilipokwisha, kiongozi wa kwaya alimwuliza mbona Shiru hakuja, naye akasema yuko semina, na kiongozi akauliza semina gani. Alipokuwa akirudi nyumbani akamkuta Adhiambo akichechemea langoni kwao, akamwuliza. Adhiambo, ambaye siku zote alikuwa na watoto wa miaka minne, hakuwa na ujuzi wowote wa kudanganya. Alimwambia kila kitu, mpaka jina la shule, na akampa raba zake amletee Shiru kwa sababu zilikuwa na soli nzuri kuliko za Shiru.

Timu yote ilijikusanya kando ya chupa za maji, na hakuna aliyekunywa. Mama Shiru alikuja moja kwa moja. "Shiru," alisema. "Semina imeendaje?" Shiru aliangalia viatu vyake, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mami, ni mimi. Nekesa hana makosa. Ni mimi nilimwomba." Haikuwa kweli. Hakuniomba lolote, uongo ule niliuleta mimi ukiwa umekamilika, na mapacha wake. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Dakika mbili zilizopita nilikuwa nimetangaza kosa langu mbele ya watu nisiowajua, na sasa mbele ya mwanamke aliyenilisha mwaka mzima, ulimi ulikuwa umenata. Mama Shiru alinitazama muda mfupi tu, kisha akamgeukia Oti.

"Refa wenu yuko wapi?"

"Hakuna, Mama," Oti alisema, amesimama wima kama yuko ofisini kwa mkubwa. "Kila mtu anajisemea."

"Anajisemea makosa yake?"

"Ndiyo, Mama."

Alilifikiria hilo. Akatazama uwanja, akahesabu wahasibu kwa kidole, akatuhesabu sisi. "Mbona nyinyi ni sita?" Oti akaeleza habari za Adhiambo. "Na mtu akishika hicho kitu anaruhusiwa hatua ngapi?" Oti akasema haruhusiwi hata moja. "Na kumgusa mwenzake?" Hapana, hairuhusiwi. Mama Shiru aliweka Biblia na zile raba za Adhiambo juu ya mkoba wa mtu. "Hiyo ni netiboli," alisema. "Mmechukua netiboli mkaiondolea mpira." Kisha akaketi kwenye nyasi, akaanza kuvua viatu vyake vya kanisani. Shiru akasema, "Mami, unafanya nini?" Akamjibu, "Nimecheza senta wa timu ya kanju miaka saba kabla hujazaliwa. Nyumbani nitakuona vizuri sana, wewe na mwenzako. Lakini siwezi kusimama kwa jua lote hili nikitazama watoto wangu wakichapwa sita kwa saba. Nipe hizo raba."

Oti alikimbia kuwauliza wahasibu. Wakakubali wote, mmoja wao akapiga saluti. Na hivyo kipindi cha pili tulikuwa saba.

Kurusha hakujua. Alikishika kisahani kwa mikono miwili kifuani na kukisukuma, nacho kikawa kinaenda kikipepesuka kama kuku aliyetupwa, hivyo akaamua mwenyewe kwamba hatarusha mbali, atampa aliye karibu. Lakini kila kitu kingine alikijua kutushinda sisi. Alijua mahali pa kusimama. Alimkaba mtu kwa kusimama mbele yake mikono ikiwa juu, bila kumgusa hata unywele, na yule mhasibu mrefu aliyekuwa akipunga mkono peke yake alijikuta na rinda la zambarau mbele ya uso kila alikogeuka. Na alizungumza bila kukoma. "Nekesa, rudi! Shiru, nyuma yako! Wewe wa soksi, usilale!" Kwenye kiwanja chetu nyuma ya mtaa hatukuwahi kusemezana hivyo. Tulifunga la nne, la tano, la sita. La saba alilidaka mwenyewe, kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kama siku za kanju, na timu zilizokuwa zikila chakula cha mchana chini ya miti zikaacha sahani zao zikaja kusimama kwenye mstari. Tulienda hivyo, wao moja, sisi moja, mpaka kumi na mbili kwa kumi na mbili, na atakayefika kumi na tatu ndiye anaingia fainali.

Nakumbuka pointi ile yote. Oti alinipa mimi, mimi nikampa Shiru, Shiru akaona mama yake amemponyoka mhasibu na yuko peke yake ndani ya eneo la mwisho. Akamrushia. Kisahani kilikuwa chini kidogo. Mama Shiru aliinama, akaenda mbele, akaanguka kwa kifua, vumbi likainuka, na alipogeuka kilikuwa mikononi mwake. Tulipiga kelele. Oti alikuwa ameshavua fulana. Wahasibu walianza kutupa mikono, wamekubali, kwa maana hata aliyekuwa karibu zaidi alikuwa ameona mgongo tu. Mama Shiru alipiga goti moja, kisha la pili, akasimama, nyasi zimemganda kwenye rinda. Akanyoosha mkono wenye kisahani kwa yule mhasibu mrefu. "Kimegusa chini," alisema. "Kabla sijashika."

"Mama, sisi hatukuona," mhasibu akasema.

"Mimi nimeona."

Wahasibu walikichukua, wakarushiana mara tano, wakafunga, na mchezo ukaisha. Walikuja kumbeba juu, naye akawachapa mikono wamshushe, akisema yeye ni mama wa kanisa na rinda lina mpasuo. Hata walioingia fainali siku hiyo sijui walishinda au walishindwa. Ninachokumbuka ni Shiru akilia na kucheka mgongoni mwa Oti, na Mama Shiru ameketi peke yake kando, anahangaika na fundo la kamba ya raba.

Nilimwendea, nikachuchumaa nikamfungua kamba, kwa sababu ilikuwa rahisi kusema nikitazama kiatu. "Mama Shiru. Ile semina niliitunga mimi. Shiru hakuniomba. Amejitwika lisilo lake."

"Najua," alisema.

"Umejua lini?"

"Shiru hawezi kutunga mapacha." Alikuwa anahema bado. "Nilikuwa nasubiri nione utachukua muda gani. Nikasema, kama atangoja mpaka kesho, ahame."

Nikaondoa raba ya pili, nikamvisha viatu vyake vya kanisani kimoja kimoja, naye akaniacha nifanye hivyo. Kisha nikamwambia samahani, neno hilo moja, na nikaanza kulia, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wangu. Akanipa kitambaa chake cha kichwa. "Futa uso," alisema. "Wahasibu wanatuangalia."

Nimekuwa na miaka mingi ya kuwaza kwa nini siku ile ilinikaa hivi, wakati siku nyingine kubwa zaidi zimefutika. Nadhani ni kwa sababu hakunifokea. Angenifokea ningejitetea, nilikuwa na maneno tayari: timu, sheria ya wanawake watatu, ukali wake mwenyewe. Yeye aliwapa wahasibu bao ambalo hakuna aliyelidai, akakaa chini, na mimi nikabaki sina hata neno moja la kujifichia. Tangu hapo nimefanya kazi kwenye ofisi tatu, nimelea watoto wawili, na nimewahi kusema uongo, sitajifanya malaika. Lakini tangu siku ile sijawahi kumwacha mtu mwingine abebe uongo wangu.

Jioni hiyo timu nzima ilikuja Donholm, bila kualikwa, nadhani kwa kuogopa kutuacha peke yetu naye. Mama Shiru alipika sufuria kubwa ya mchele na maharagwe ya nazi kwa furaha ya kelele, akimwuliza Oti maswali kuhusu kurusha kwa mkono mmoja, akimtuma Shiru aende kumchukua Adhiambo na mguu wake. Walipokaa sebuleni, akapakua. Akampa Oti, akawapa wale vijana wengine wanne, akampa Adhiambo sahani iliyorundikwa, akampa Shiru. Akaketi na yake. Sikupewa. Oti aliacha kijiko hewani. Nikawaza, basi, hii ndiyo njia yake ya kuniambia nianze kufunga mizigo, na nilistahili. Nikainuka niende chumbani kwangu.

"Wewe unaenda wapi?" Mama Shiru aliuliza, mdomo umejaa.

"Chumbani."

"Nimepakulia wageni, na Shiru kwa sababu amechoka." Akaelekeza jikoni kwa kidevu. "Sahani unajua zilipo. Na ukirudi, niletee pilipili."